Roots ya Sepultura (1996): ngoma na gitaa zito zinakaaje pamoja bila kumezana?

NyuziNne_Mombasa ameuliza:

Habari za jioni wanajamvi. Tuko Mombasa, kundi la metali lenye gitaa mbili, besi, drami, na wapigaji wawili wa chapuo (ngoma ndogo), vumi (ngoma kubwa) na kayamba. Albamu tunayoichukua kama darasa ni Roots ya Sepultura, wale Wabrazili wa Belo Horizonte. Tumekwama mahali patatu.

Kwanza, gitaa zenye distoshoni, ile sauti ya kukwaruza, zikiingia, ngoma zinazama. Tukizipandisha ngoma, gitaa linakuwa jembamba kama redio ndogo. Pili, tumeshusha nyuzi hadi B na sasa zinapwaya, noti zinapinda juu kila ukipiga kwa nguvu, na freti za mwanzo zinazizima (waya unagonga freti na kukwaruza). Tatu, maneno. Tunataka kuimba kuhusu ardhi na asili yetu, lakini kila ubeti unatoka kama hotuba ya mgeni rasmi. Ile albamu inarudia mambo yaleyale wimbo baada ya wimbo na haichoshi. Wanafanyaje?

Naomba majibu ya kiufundi kutoka kwa mnaoijua vizuri.

---

Kozi_wa_Pwani amejibu:

Nitaanza na la tatu, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini hizo ngoma zimo.

Maudhui ya Roots hayakuanzia kwenye Roots. Rudi nyuma hadi Chaos A.D. ya 1993. Mle kuna Kaiowas, kipande kisicho na maneno, cha gitaa za akustika na ngoma, kilichorekodiwa kwenye magofu ya ngome ya Chepstow huko Wales. Kilitungwa kwa ajili ya Waguarani-Kaiowá wa Brazili na vifo vyao vya kujiua katika mgogoro wa ardhi. Kuna Manifest, kuhusu mauaji ya gereza la Carandiru, São Paulo, tarehe 2 Oktoba 1992, ambapo wafungwa 111 walikufa. Kwa hiyo 1996 ilipofika, bendi ilikuwa imeshachagua upande. Kilichobadilika ni kwamba wazo sasa likaingia kwenye vyombo vyenyewe.

Sasa isikilize albamu kwa makundi ya mawazo badala ya kufuata orodha ya nyimbo. Kuna ardhi na wenye ardhi: Itsári ilirekodiwa na Waxavante, watu wa asili wa Brazili, kijijini kwao, Pimentel Barbosa, jimbo la Mato Grosso, na Ambush inamhusu Chico Mendes, mgema mpira na kiongozi wa wagema wenzake, aliyeuawa Xapuri, jimbo la Acre, tarehe 22 Desemba 1988 kwa kupinga wafugaji wakubwa waliokuwa wakifyeka msitu. Kuna dola na mabavu yake: Dictatorshit inazungumzia mapinduzi ya kijeshi ya 1964 yaliyoleta utawala uliodumu hadi 1985. Kuna biashara ya muziki: Cut-Throat inawashambulia wenye kampuni za rekodi, na mle ndani kuna maneno manne ambayo herufi zake za mwanzo zinaunda jina la kampuni moja kubwa. Halafu kuna lile la kujisimamia, kukataa kufinyangwa, ambalo limetanda kwenye Attitude, Breed Apart na Born Stubborn.

Hayo ni mawazo manne, na yote yana adui mmoja: mwenye nguvu anayechukua kisicho chake. Ndiyo maana kujirudia kwake hakuchoshi. Kila wimbo unaleta mtu mwingine, mahali pengine, tarehe nyingine, na adui ni yuleyule.

Tazama tena namna maneno yanavyopangwa. Hawatoi hoja, wanataja. Ratamahatta, ambayo sehemu kubwa imeimbwa kwa Kireno, karibu yote ni majina na sauti: Zumbi, kiongozi wa Palmares, ile jamii ya watumwa waliotoroka, aliyeuawa mwaka 1695, Lampião, jambazi maarufu wa nyika za kaskazini-mashariki aliyeuawa 1938, Zé do Caixão, yule mzikaji wa kutisha wa filamu za Brazili. Hakuna sentensi hata moja inayokwambia "tuwakumbuke mashujaa wetu". Mbrazili akisikia majina hayo matatu yamewekwa pamoja, anaelewa. Na Dictatorshit haifiki hata dakika moja na nusu. Hasira ya kweli haihitaji beti sita.

Kwa hiyo kwenu: futeni vitenzi vya kuhimiza. Tuamke, tukumbuke, tuenzi, tusisahau, vyote nje. Wekeni jina la mtu, jina la mahali, na kitendo kilichotendeka. Mkiimba juu ya ardhi ya Pwani, Mekatilili wa Menza na mwaka 1913 vina uzito kuliko mistari kumi ya "mababu zetu walipigana". Mstari uwe na silabi tano hadi nane, mwitikio usizidi maneno matatu. Mwimbaji wa metali anaimba kwa kuunguruma, na silabi zikizidi hapo konsonanti zinakufa na msikilizaji hasikii neno. Kiswahili kinawasaidia hapa, maana silabi zetu zinaishia kwenye irabu na "a" wazi ndiyo irabu inayobeba mngurumo vizuri kuliko zote. "I" na "u" zikija mwisho wa mstari zinabana koo na kupunguza sauti. Pangeni mitikio iishie kwenye "a" au "o".

---

Fundi_Freti amejibu:

Mimi nachukua nyuzi tu.

Waya wa unene wa inchi .046 ukiwa kwenye E ya kawaida unatikisika mara 82.4 kwa sekunde. B ni 61.7. Mvutano wa waya unafuata mraba wa uwiano huo, kwa hiyo waya uleule ukishushwa hadi B unabaki na asilimia 56 tu ya mvutano wake. Hapo ndipo kupwaya kwenu kunapotoka. Noti inapinda juu kwa sababu waya uliolegea, ukipigwa kwa nguvu, unanyooka kwa kiasi kikubwa mwanzoni na kuzaa sauti ya juu kabla haujatulia. Hakuna kutyuni kutakakoliponya hilo. Badilisheni waya.

Njia rahisi: nunua seti ya kawaida ya 10 hadi 46 pamoja na waya mmoja wa .062. Tupa ule wa .010, kisha sogeza kila waya nafasi moja. Kuanzia chini: .062 kwenye B, .046 kwenye E, .036 kwenye A, .026 kwenye D, .017 kwenye F#, .013 kwenye B. Ukikagua utaona nyuzi tano kati ya hizo sita zinabaki kwenye noti zilizotengenezewa, ukiacha ile ya .017 inayoshuka nusu toni tu. Waya wa .062 kwenye gitaa la skeli (urefu wa waya unaotikisika) ya inchi 25.5 unakupa mvutano wa kilo 8 hivi, karibu sawa na E yako ya zamani. Ukikosa waya mmoja mmoja dukani, seti ya gitaa la nyuzi saba inayoishia .059 au .062 inafanya kazi hiyohiyo.

Max Cavalera mwenyewe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Sepultura wakati huo, hupiga na nyuzi nne tu, zile mbili nyembamba huziondoa kabisa. Naona mtoa mada ameshalijua hilo kwa jina alilojipa. Kwa rifu (vipande vya gitaa vinavyojirudia) za aina hii hampotezi kitu, na mkono wa kulia unapata nafasi ya kupiga bila kugusa nyuzi zisizohitajika.

Baada ya kubadilisha waya, fuata utaratibu huu usiruke hatua. Mfereji wa nati, kile kipande kinachoshika nyuzi pale juu ya shingo, ulichongwa kwa waya wa milimita 1.17, na wa .062 una milimita 1.57. Usipoupanua kwa kama milimita 0.4 waya utanasa: unatyuni, haupandi, halafu ghafla unalia "ting" na kuruka juu. Panua upana tu, usiongeze kina, la sivyo waya utagusa freti ya kwanza. Kisha angalia shingo. Bonyeza waya wa chini kwenye freti ya 1 na freti ya 15 kwa pamoja, utazame nafasi iliyobaki juu ya freti ya 7. Iwe kama unene wa kadi nyembamba, milimita 0.2 hadi 0.3. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, shingo imejipinda kwa nyuma kwa sababu mliiacha muda mrefu na nyuzi zilizolegea. Legeza fimbo ya shingo robo mzunguko, acha hadi kesho yake, pima tena. Kuzizima kwenye freti za mwanzo pekee chanzo chake ni hiki karibu kila mara.

Mwisho, linganisha freti ya 12 na harmoniki yake (noti ya kugusa waya hapo bila kuubonyeza). Freti ikiwa juu zaidi, rudisha tandiko la daraja (kipande ambacho waya unakalia) nyuma. Waya mnene unahitaji kurudi nyuma kuliko mlivyozoea, na kwenye gitaa nyingine tandiko linafika mwisho wa skrubu kabla halijatosha. Likifika hapo geuza tandiko lenyewe, utapata milimita moja au mbili za ziada.

Kwa gitaa zenye daraja linaloelea sishauri B hata kidogo, isipokuwa mlizuie kwa kipande cha mbao.

---

Chapuo_la_Digo amejibu:

Tatizo la ngoma kuzama lina sehemu mbili, na wengi hukimbilia kwenye mashine kabla ya kutazama mpangilio.

Sikilizeni Ratamahatta tena. Mlango wake wameufungua kwa midundo na sauti za watu. Gitaa linakuja baadaye, na likija linapiga noti chache mno. Rifu ya Roots Bloody Roots nayo karibu yote inazunguka waya wa chini ukiwa wazi na freti za mwanzo kabisa. Ukilinganisha na Beneath the Remains ya 1989 au Arise ya 1991, ambako gitaa linakimbia bila kupumua, utaona walichofanya: wamenyofoa noti ili mdundo upate pa kukaa. Igor Cavalera, mpiga drami wao, anapiga tomu na kiki (ngoma ya mguu) kama mtu wa kikosi cha ngoma za mtaani, na gitaa linafuata tomu hizo. Rifu imezaliwa kwenye ngoma. Kwenu, kwa jinsi mlivyoeleza, nadhani rifu ilitungwa kwanza, kisha mkaomba ngoma "ziingie". Hapo ngoma itakuwa pambo tu, na pambo ndilo la kwanza kuzama.

Aliyekuwa nao kwenye Ratamahatta ni Carlinhos Brown wa Salvador, Bahia, mwanzilishi wa Timbalada. Mdundo wa kule una surdo nzito inayoshika mwendo na ngoma nyembamba zinazosema juu yake. Huo ni mgawanyo wa kazi ambao sisi tunao tayari: vumi linashika, chapuo linasema. Ngoma za Burundi zina mpango wa jinsi hiyo pia, amashakwe zikishikilia mdundo usiokatika na ibishikizo zikimfuata anayeongoza kwenye inkiranya, ngoma ya katikati. Basi fanyeni hivi: kiki ya drami ipige pamoja na vumi, noti kwa noti, na gitaa lifuate vumi. Chapuo liachwe huru, na mahali linaposema gitaa linyamaze au lishike noti moja ndefu. Kayamba ichukue kazi ya hai-hati (yale matoazi mawili ya drami yanayofungwa kwa mguu), hivyo mpiga drami aiache hai-hati kabisa kwenye sehemu hizo. Mkiacha kayamba na hai-hati zipige pamoja mtapata mvua tupu kwenye bati.

Sasa jambo ambalo sijaona watu wakilitaja, na kwa ngoma zetu ndilo gumu kuliko yote. Midundo ya mtaani ya Bahia kwa kawaida inagawa pigo kwa nne, sawa na metali. Ngoma nyingi za kwetu zinagawa pigo kwa tatu. Mwendo ukiwa mapigo 90 kwa dakika, pigo moja lina milisekunde 667. Ngoma ya utatu inaweka kishindo chake cha pili kwenye milisekunde 222, na drami ya unne inakiweka kwenye 167. Tofauti ni milisekunde 55. Sikio haliisikii kama utajiri wa mdundo, linaisikia kama watu wawili wasiopatana. Chagueni kwa kila wimbo nani anamfuata nani. Mkichagua ngoma, rifu ihesabiwe kwa tatu na mkono wa kulia wa mpiga gitaa ujifunze kupiga chini-juu-chini, juu-chini-juu. Inachosha mwanzoni kwa sababu mkazo unaangukia mkono ukiwa unapanda, kila baada ya pigo moja, na wengi hupoteza uzito pale. Njia nyepesi ni kupiga chini tu mara tatu, mradi mwendo usizidi 100 hivi.

La ngozi: hewa ya Mombasa inalegeza ngozi. Ngoma iliyokazwa asubuhi imeshuka jioni. Zioteshwe moto kabla ya kila kurekodi, mbali na ndimi zenyewe, kisha mpime vumi kwa programu ya simu inayoonyesha masafa. Ikiwa wimbo uko kwenye B, vumi likae karibu na hezi 92, ambayo ni F#. Linapatana na gitaa na halikai juu ya kiki. Likishuka hadi 65 au 70 linagombana na kila kitu kilicho chini.

Na ile sauti ya mwanzo wa Attitude ni berimbau: upinde wa mti, waya wa chuma, kibuyu kilichofungwa chini, kijiti cha kupigia, na jiwe au sarafu ya kubana waya ili upande takriban toni moja au pungufu. Mkono wa kijiti hushika pia kikapu kidogo chenye mbegu. Asili yake ni pinde za muziki za Afrika ya Kati na Angola zilizovuka bahari pamoja na watumwa. Kwa majirani zetu wa Rwanda na Burundi ndugu yake yupo hai, umuduri, na pia una kibuyu na kijiti. Mkitaka rangi hiyo bila kuiga Brazili, mtafuteni mpiga umuduri. Maikrofoni iwe mbele ya mdomo wa kibuyu, sentimita 15 hadi 20, na gitaa ndilo lityuniwe kufuata upinde, kwani upinde hauna nafasi nyingi ya kurekebishwa.

---

Meza_ya_Miksi amejibu:

Naongeza upande wa studio.

Roots ilitengenezwa Indigo Ranch, Malibu, mwishoni mwa 1995, prodyuza akiwa Ross Robinson, aliyekuwa ametoka kuizalisha albamu ya kwanza ya Korn, bendi ya metali ya California. Aliyemiksi ni Andy Wallace, yule aliyemiksi Nevermind ya Nirvana na aliyezalisha Chaos A.D. Mchanganyiko huo una maana. Robinson hutafuta upigaji wenye hasira hata ukiwa na makosa madogo, na Wallace anajua kuipa kila sauti sakafu yake. Ninyi hamna Wallace, basi fanyeni kazi kubwa kabla ya kumiksi.

Rekodini drami na ngoma kwa wakati mmoja, chumba kimoja, watu wakitazamana. Gitaa liende kwenye hedifoni, amplifaya iwe chumba kingine au itumike ya kompyuta. Amplifaya ikiwa chumba kimoja na vumi, kila maikrofoni ya ngoma itakuwa na gitaa ndani yake na hamtaweza kuipandisha ngoma bila kupandisha gitaa. Kwa maelezo ya mtoa mada, nashuku nusu ya tatizo iko hapa.

Chapuo: maikrofoni ya dainamiki, sentimita 5 hadi 8 juu ya ukingo wa ngozi, ielekezwe katikati kwa mshazari. Vumi: moja juu ya ngozi, moja chini kwenye uwazi, na ile ya chini geuza polariti. Ngozi ikienda chini hewa inasukumwa kuelekea maikrofoni ya chini na kuondoka kwenye ile ya juu, usipogeuza, zinafutana. Kayamba: maikrofoni ya kondensa, sentimita 40 hadi 50, kata kila kitu chini ya hezi 300.

Angalia umbali kati ya wapigaji. Sauti inakwenda mita moja kwa karibu milisekunde 2.9. Maikrofoni mbili zikisikia ngoma moja kwa tofauti ya mita moja, ukizichanganya masafa ya karibu hezi 171 yanafutika, na huo ndio mwili wenyewe wa ngoma. Unabaki na kofi bila tumbo, unaongeza besi kwenye ekwalaiza, haitokei. Kanuni: kama maikrofoni iko sentimita 10 kutoka kwenye ngoma yake, maikrofoni ya jirani iwe angalau sentimita 30 kutoka kwenye ngoma hiyohiyo. Zaidi ni bora.

Kwenye miksi, gitaa likatwe chini ya hezi 90 au 100. Najua noti ya B iko 61.7, lakini uzito huo aubebe mpiga besi. Gitaa likiachwa huko linatoa uvumi usio na noti. Kumbukeni B ya besi, iliyo oktava moja chini yake, iko kwenye 30.9, ambayo spika ndogo haziwezi kuitoa kabisa. Kinachosikika ni 62 na 93. Kwa hiyo ongezeni distoshoni kidogo kwenye besi ili hizo za juu zitokee, kisha mpunguze desibeli 3 pale 92 kama vumi limekaa hapo. Gitaa, punguzeni desibeli 2 hadi 3 karibu na kilohezi 3, ambako kofi la chapuo linaishi, na mfanye hivyo kwenye sehemu zenye chapuo pekee. Ukipunguza wimbo mzima gitaa ndipo linapokuwa lile jembamba mnalolilalamikia.

Jingine: punguzeni distoshoni yenyewe. Wengi wanadhani uzito unatoka kwenye kitufe hicho. Distoshoni nyingi inabana sauti hadi pigo na kimya vinalingana, na kimya ndicho chakula cha ngoma. Punguzeni theluthi moja ya mlivyozoea, mpige kwa nguvu zaidi, mrekodi mara mbili tu, kushoto na kulia. Mara nne inaziba kila tundu.

---

Kozi_wa_Pwani amejibu:

Hilo la Meza kuhusu Korn ndilo linalowafanya mashabiki wengi wa zamani wa thrash, ile metali ya kasi, waikatae albamu hii hadi leo, wakisema ni ya kufuata mkumbo wa Marekani. Ushahidi wanao: mbali na Robinson, Jonathan Davis, mwimbaji wa Korn, yumo kwenye wimbo wa Lookaway pamoja na Mike Patton, mwimbaji wa Faith No More, na DJ Lethal wa House of Pain, na David Silveria wa Korn alipiga drami kwenye Ratamahatta. Kwa maoni yangu Lookaway ndiyo wimbo dhaifu kuliko yote mle. Hauhitaji Brazili. Ungeweza kutoka kwenye bendi yoyote ya California ya mwaka ule. Hapo ndipo kuchanganya mitindo kulikosa sababu, na mnaweza kuutumia kama kipimo: toa ngoma kwenye wimbo wenu, usikilize. Ukisimama vilevile, ngoma haikuwa na kazi.

Linganisheni na Itsári inayokuja nyimbo chache baadaye. Mle hakuna distoshoni wala kelele ya mwimbaji. Ni gitaa za akustika zimekaa chini ya uimbaji wa Waxavante, na bendi inajitahidi isiwazidi sauti. Inafuata mara baada ya Jasco, kipande kifupi cha gitaa la klasiki cha Andreas Kisser, mpiga gitaa wa bendi, na kabla ya Ambush. Mpangilio huo umefikiriwa: gitaa peke yake, kisha wenye ardhi, kisha mauaji ya aliyeutetea msitu. Sioni mahali pengine kwenye albamu ambapo maudhui na sauti vimeshikana hivyo.

---

Wakili_wa_Ngoma amejibu:

Kuna jambo halijaguswa. Sepultura hawakuchukua sauti za Waxavante kwenye kanda ya maktaba. Walipata ridhaa, wakaenda kijijini, wakarekodi na wenyewe, na jina la watu hao limeandikwa kwenye albamu. Hata picha ya jalada, iliyochorwa na Michael Whelan, inatokana na sura ya mtu wa asili iliyokuwa kwenye noti ya cruzeiro 1000, fedha ya zamani ya Brazili, yaani ilikuwa tayari mikononi mwa kila mtu kama mali ya dola. Wao wakaigeuza kuwa tuhuma.

Ninyi mko Kenya, na tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii. Ngoma ya ibada, ya jando au ya uganga ina wenyewe, na matumizi ya kibiashara yanahitaji ridhaa yao kabla. Mwenendo wa kawaida wa sengenya, ngoma ya Pwani, mnaoujua wote hauna shida kubwa, lakini mkitumia wimbo fulani wa ibada au mkirekodi wazee wakiimba, nendeni kwanza. Elezeni ni muziki wa aina gani, wapigieni mfano wa sauti wasikie mngurumo wenyewe, maana "tutaweka kwenye wimbo wetu" haitoshi kumweleza mtu atakachokuja kukisikia. Andikeni majina ya waimbaji, mgao wa mapato kwa asilimia, na kama sauti inaweza kukatwa na kurudiwarudiwa. Hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi baadaye. Kukata wimbo wa ibada katikati na kuurudia kama mwitikio kunaweza kuwa makosa makubwa kwa wenyewe hata kama fedha imelipwa.

---

NyuziNne_Mombasa amejibu:

Shukrani sana, wakubwa. Nimewaelewa kwenye nyuzi na maikrofoni. Swali la nyongeza kwa Chapuo: jukwaani tuna maikrofoni sita tu kwa ngoma zote pamoja na drami, na vumi linavuma lenyewe kwa sababu ya spika za chini. Tupangeje?

---

Chapuo_la_Digo amejibu:

Sita zinatosha. Kiki moja, snea moja, moja juu ya drami nzima, chapuo moja, vumi moja, kayamba moja. Tomu zitasikika kwenye ile ya juu, na kama gitaa limepunguzwa noti, tomu hazitapotea.

Vumi linavuma kwa sababu spika za chini zinalitikisa lenyewe, nalo linairudishia maikrofoni. Liondoeni mbele ya spika hizo angalau mita mbili, liwekwe juu ya kigoda chenye mpira au blanketi iliyokunjwa ili sakafu ya jukwaa isilitetemeshe, na mdomo wake wa chini usielekee spika. Tumieni maikrofoni moja ya juu pekee, ya chini iacheni kwa studio. Kisha fundi apandishe sauti polepole hadi mvumo uanze, asome masafa yake kwenye simu, na akate hayo tu kwa ukanda mwembamba, desibeli 6. Asikate kuanzia 60 hadi 150 yote kama wengi wanavyofanya, vumi litakuwa debe.

Na kagueni tena baada ya nusu saa. Taa za jukwaa zinakausha ngozi, vumi linapanda, na mvumo unahamia masafa mengine na kuliacha lile tundu mlilokata.

---

Fundi_Freti amejibu:

Taa hizohizo zinashusha nyuzi zenu wakati ngoma zinapanda. Waya ukipata joto unarefuka. Pasheni gitaa jukwaani dakika 15 kabla ya kutyuni, mtyuni dhidi ya vumi likiwa limeshapata joto, na mpiga besi awe wa kwanza.